Matundu Yakienda Kombo, Usikimbilie Namba

Kuna ushauri unaopokezanwa katika karakana za Mombasa hii, Likoni mpaka Kisauni, na umenikera kiasi cha kunikalisha niandike. Mtu akilalamika kwamba mashine yake ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, inatoboa matundu nje ya alama, jibu la kwanza analopewa ni: ingia kwenye programu, badilisha ile namba ya hatua kwa milimita (mota ipige hatua ngapi ili biti isogee milimita moja), ongeza au punguza mpaka ikubali. Wauzaji wanasema hivyo. Vijana wanaambiana hivyo. Na mbao nzuri zinaishia kuwa kuni.

Juzi alinijia kijana wa Kisauni mwenye mashine ndogo ya CNC inayovutwa kwa mkanda, anaitumia jioni akitoka kazini kutengeneza kabati za vitabu. Alibeba vipande viwili vya msaji, ubavu wa kulia na wa kushoto wa kabati moja, kila kimoja kina safu ya matundu kumi ya pini za rafu: upana milimita 5, tundu kwa tundu milimita 32, kama kabati nyingi za siku hizi. Ukivisimamisha vikatazamana, tundu la kwanza linalingana, la tano limeanza kupotea, la kumi limekwenda zake. Na bei ya msaji mnaijua.

"Ami, nimebadilisha namba mpaka nimechoka," akaniambia. "Safu moja ikikaa sawa, ya pili inaharibika."

"Mwanangu, mashine yenyewe umeishika kwa mkono?"

Hakuwa ameishika, wala hakuna aliyemwambia aishike. Tukaenda kwake, tukaiwasha ili mota zikaze, nikalishika gari linalobeba biti kwenye mhimili wa X, wa kulia na kushoto, nikalisukuma huku na huku kwa vidole viwili. Likalia tk, likasogea, na mota haikugeuka hata chembe. Tukafungua kifuniko. Ile parafujo ndogo isiyo na kichwa, inayoibana puli kwenye chuma cha mota, ilikuwa imelegea. Juu ya chuma palikuwa na mkwaruzo mwembamba unaong'aa, umezunguka duara kamili: puli ilikuwa ikiteleza kila mashine inapoondoka kwa kasi. Tukaigeuza puli mpaka parafujo ikakaa juu ya ule upande bapa wa chuma, tukatia tone la gundi ya nati, tukakaza. Namba tukairudisha 80, ilipokuwa siku ya kwanza.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Namba hiyo haitoki hewani. Mota za kawaida za mashine hizi hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva, kile kifaa kinachoipa mota umeme wake, ikiigawa kila hatua mara 16, zinakuwa 3,200. Puli ya meno 20 ikivuta mkanda wa GT2, ambao jino kwa jino ni milimita 2, gari husogea milimita 40 kwa mzunguko. Gawanya, utapata 80. Wenye mashine za skrubu hesabu yenu ni hiyohiyo: skrubu ya T8 inayosukuma milimita 8 kwa mzunguko inataka 400, ya milimita 4 inataka 800. Hiyo ni jometria ya chuma na mpira, na haibadiliki kwa sababu leo umeamka umekuta tundu limekwenda kando.

Kijana wangu alikuwa amefika 80.9. Maana yake alikuwa anaiambia kompyuta kwamba mkanda wake una meno ya milimita 1.98. Hauna. Kwa safu ile moja, ya milimita 288 toka tundu la kwanza hadi la mwisho, ule uongo ulikaribia kufuta milimita tatu zilizokuwa zinapotea kwenye puli, akadhani amepona. Mashine ilipogeuza mwendo kutoboa safu ya pili, puli ikateleza kwa namna nyingine na uongo ukaumbuka. Huku ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Kibaya zaidi, siku puli itakapokazwa na mtu mwingine asiyejua namba imechezewa, kila kipimo cha mashine hiyo kitakuwa kombo, na atahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwa kwenye chuma tena.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna wakati namba huguswa. Mkanda hunyooka kidogo ukikazwa, na ukipima umbali mrefu unaweza kukuta 80 inataka kuwa 79.8. Sawa. Iamuru mashine iende milimita 300, pima ilipofika, zidisha namba ya zamani kwa 300, gawanya kwa ulichopima. Lakini hiyo ni kazi ya mwisho, baada ya kila kinacholegea kukazwa, na baada ya kipimo kurudia vilevile kila unapojaribu. Ukikuta inadai mabadiliko ya asilimia moja au mbili, acha kibodi, tafuta spana.

Kosa la tundu lina sura, na sura hiyo ndiyo itakayokwambia uende wapi. Kosa linalokua sawasawa kadiri unavyokwenda mbali, na likarudia lilelile kila mara, hilo ni la namba. Kosa la kiasi kilekile linalotokea mashine inapogeuza mwendo ni mchezo, yaani mwanya uliolegea, kati ya nati na skrubu, au kwenye mkanda. Kosa lisilo na mpango, leo huku kesho kule, ni kitu kinachoteleza au mota inayopoteza hatua kwa kukimbizwa kupita uwezo wake. Matundu yote yakihama pamoja kwa kiasi kimoja, sifuri yako, pale mashine inapoanzia kuhesabu, ndiyo imehama, au mbao imesogea ndani ya vibano.

Mchezo unawatesa wengi kuliko wanavyojua. Kuupima hakuhitaji kifaa cha bei. Funga biti yenye ncha kali. Ipeleke ikitokea kushoto mpaka X50, yaani milimita 50 toka sifuri, ichome alama ndogo. Sogeza Y, mhimili wa mbele na nyuma, milimita chache, ipitishe X mpaka 60, irudishe 50 ikitokea kulia, ichome tena. Alama mbili zinatakiwa zikae mstari mmoja. Zikiachana kwa milimita 0.3, basi una mchezo wa milimita 0.3, na kila tundu utakalolifikia kwa upande tofauti na uliowekea sifuri litakosa kwa kiasi hicho. Utauona pia kwenye miduara: chora duara la milimita 40 na biti hiyohiyo, litazame pale mhimili unapogeuza mwendo, kulia, kushoto, juu na chini. Pakiwa bapa, au duara likawa yai, umeshapata jibu.

Na hapa tena watu hukimbilia programu. Mach3, programu ya kuendeshea mashine kwa kompyuta, ina kipengele cha kufidia mchezo. GRBL 1.1, programu iliyo ndani ya bodi inayoendesha nyingi ya mashine hizi ndogo, haina. Lakini hata ukiwa nacho, kinachocheza kitacheza tu: biti ikiuma mbao italivuta gari ndani ya ule mwanya, na hakuna hesabu itakayolishika. Nati yenye springi ya kuubana mwanya ndiyo dawa. Kagua pia ile kapilingi inayounganisha mota na skrubu, na yale magurudumu ya gari. Mengi yana nati isiyo na kitovu katikati, ukiizungusha kidogo gurudumu linashika reli.

Mengine nitayapitia haraka. Kama matundu ni sawa kwa umbali lakini vipande havikai mraba, pima 300 upande mmoja, 400 upande wa pili. Mshazari usipokuwa 500, daraja lako, ile boriti inayovuka juu ya mbao, limekaa upande. Tundu likiwa sahihi juu na kombo chini, spindo, ile mota inayozungusha biti, haijasimama wima. Tundu likitoka pana kuliko biti, fungua koleti, ile inayoshika biti, uisafishe. Vumbi kidogo ndani yake linatosha kuiyumbisha ncha.

Biti nayo ina lawama yake. Biti ndefu ya msokoto ikigusa mvule, ambao nyuzi zake zimepishana, ncha huteleza kufuata penye ulaini kabla haijaanza kuuma, na tundu linaanzia pengine kabisa huku mihimili haina kosa lolote. Anza na biti fupi ngumu yenye ncha, ichome kishimo cha milimita moja kila mahali, kisha ndiyo uingie na biti ya kutobolea. Usiichomeke kina chote kwa mkupuo. Ipande na kushuka ili itoe unga, la sivyo tundu linaungua na biti inapinda. GRBL haizielewi amri za G81 wala G83, zile fupi za kutobolea, kwa hiyo programu inayokuandikia njia lazima iandike kila kupanda na kila kushuka.

Halafu tuko Mombasa, jamani. Chumvi ya hewani inakula skrubu za chuma, na kutu ikishachanganyika na unga wa mbao mhimili unakwama hapa na kuachia pale. Futa skrubu kwa kitambaa kila ukimaliza kazi. Grisi nzito inakusanya unga, kwa hiyo mafuta mepesi yanafaa zaidi. Mbao yenyewe pia haitulii: ukitoboa ubavu mmoja wa kabati wakati wa kaskazi kavu, wa pili ukautoboa mvua za masika zimeshika, upana wake utakuwa umeongezeka. Kwa urefu wa nyuzi haisogei kiasi cha kukusumbua, ila kwa kuvuka nyuzi inasogea. Toboa vipande vinavyotazamana siku moja, kutoka mbao zilizolala pamoja.

Fundi aliyetoboa milango ya Mji wa Kale kwa keekee ya uta aliona ncha ikiteleza na mkono ukairudisha papo hapo. Mashine hizi ndogo hazioni kitu. Zinahesabu hatua na kuamini kwamba kila hatua imefika kwenye mbao, na ndiyo maana kila kiungo kati ya mota na ncha ya biti lazima kiwe kimekazwa.

Kwa wauzaji, nina ombi moja. Mnapomkabidhi kijana mashine, mpeni karatasi yenye idadi ya meno ya puli, mwendo wa skrubu kwa mzunguko mmoja, mgawanyo wa draiva, na namba zilizokuwamo mashine ilipotoka dukani. Mwonyesheni parafujo zote za puli zilipo, na mumpe spana yake. Akiwapigia simu kesho kwamba matundu yamekosa, mwulizeni kwanza kama ameisukuma kwa mkono.