Namba tasa yenye mtoto

Chukua 2, ipandishe kwenye kipeo cha 136,279,841, kisha toa 1. Hiyo ndiyo namba tasa iliyovunja rekodi ya ukubwa Oktoba 2024: tarakimu 41,024,320. Luke Durant, aliyewahi kuwa mhandisi wa kampuni ya vichakataji ya Nvidia, aliipata kupitia GIMPS, mradi wa kujitolea unaosaka namba tasa za aina hii, kwa kompyuta zilizotawanyika katika nchi 17. Zawadi: dola 3,000.

Wanaouliza "ya kazi gani?" wana hoja, na tusiwazuge. Watetezi wengi hukimbilia kusema namba kama hii italinda fedha zetu benki. Haitalinda kitu. Funguo za RSA, mfumo wa kuficha siri mtandaoni, za biti 2048 hutumia namba tasa za tarakimu mia tatu na kidogo, tena za siri. Hii kila mtu anaijua; kuitegemea ni kufunga nyumba kwa ufunguo uliotundikwa sokoni. Wala haithibitishi kwamba namba tasa hazina mwisho, maana Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilimaliza hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Na umeme umekwisha kuliwa.

Umeliwa na mashine zilizokuwa zikifanya nini, lakini? Kipimo cha Lucas-Lehmer, kilichothibitisha kuwa namba hii ni tasa, huanza na 4: zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayopimwa, bakiza salio, rudia. Kwa namba hii ni marudio zaidi ya milioni 136, na biti moja ikiteleza popote njiani, jibu lote ni takataka. Video ikikosea nukta moja ya rangi, nani ataona? Hapa hakuna kosa dogo. Ndiyo maana mwaka 2016 programu ya mradi wa GIMPS, Prime95, ilifichua hitilafu ya vichakataji vya Skylake, na Intel ikalazimika kutoa marekebisho. Kabla yake, mwaka 1994, Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati Virginia, alikuwa akichunguza namba tasa pacha, zinazopishana kwa 2, alipogundua kuwa Pentium, kichakataji cha Intel, inagawanya vibaya. Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475. Mwalimu hakuwa akikagua bidhaa ya mtu. Alitaka tu hesabu yake itoke sawa.

Halafu kuna jina lenyewe. Tunaiita tasa kwa kuwa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ila tasa za ukoo huu, za Mersenne, yaani 2 kwenye kipeo fulani kisha toa 1, huzaa: 3 imezaa 6 (3 mara 2), na 7 imezaa 28 (7 mara 4), namba kamilifu, kwani 1, 2, 4, 7 na 14, zinazoigawanya 28, zikijumlishwa huirudisha. Mtoto wa namba ya Durant ana tarakimu 82,048,640. Kama ukoo una mwisho, hakuna ajuaye. Namba hii ilitangazwa kuwa ya 52 kujulikana, si ya 52 kwa mpangilio: nyuma yake vilibaki vipeo vidogo ambavyo majibu yake yalikuwa hayajahakikiwa.