Sherehe za mwambao zipangiwe tarehe?

Kwenye mazungumzo ya utalii, iwe Unguja au Lamu, hoja moja haikosi: sherehe tunazo, tena za kuvutia, ila tarehe zake hazishikiki. Mgeni wa Ulaya hukata tiketi miezi sita kabla. Ukimwambia Maulidi ya Lamu yanasubiri mwandamo wa mwezi, ataelekea kwengine. Kwa hiyo hupendekezwa kalenda moja ya mwambao yenye tarehe maalumu, kila sherehe na wikiendi yake. Nusu ya hoja hii naikubali kabisa. Nusu ya pili naipinga, na naipinga kwa nguvu.

Mwambao unaishi kwa kalenda tatu. Kuna ya mwezi, yenye Ramadhani, Idi mbili na Maulidi ya Mfungo Sita, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11. Kuna ya jua, ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wa jua, yenye siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa kalenda hii mabaharia na wakulima walijua pepo na mvua. Haina mwaka mrefu wa siku 366, basi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ndiyo sababu Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya mwaka huo, inayosherehekewa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, siku hizi huwa Julai, ilhali katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Ya tatu ni kalenda ya ofisini, inayofuatwa na matamasha ya kisasa kama Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar lililoanza mwaka 2004 na ambalo msimu wake ni Februari.

Wanaotaka tarehe maalumu wana ushahidi, na si mdogo. Busara linapofanyika Ngome Kongwe, nyumba za wageni Mji Mkongwe hujaa, mafundi wa jukwaa hulipwa, wanamuziki wa taarabu na wa bongofleva husikilizwa na watu waliotoka mbali kuwafuata. Kijana wa Unguja asiye na shamba wala ngalawa hawezi kuambiwa fedha hizo ni uchafu wa utamaduni. Anayesema hivyo mara nyingi ana mshahara.

Lakini mwaka 2016 tamasha hilohilo halikufanyika kwa kukosa fedha. Wafadhili hawakutosha, basi mwaka ukapita hivi hivi. Mwaka Kogwa haukai kwa kutegemea barua ya mfadhili. Unategemea wanaume wa pande mbili za mji kupigana kwa magomba ya migomba mpaka vinyongo vya mwaka viishe. Kibanda cha makuti huchomwa moto mzee akiwa ndani, akatoka mbio, na watu wakautazama moshi unakoelekea. Wanawake huvaa nguo zao bora na kuimba nyimbo ambazo siku nyingine zisingeimbwa hadharani.

Na unategemea chungu. Hili ndilo wageni wengi hawalioni, kwa sababu wakishapiga picha za magomba na moto hurudi hotelini. Kwa watu wa Makunduchi, nyumba isiyopata mgeni wa kumlisha siku hiyo imepungukiwa. Asubuhi na mapema akina mama wako juu ya mbuzi wanakuna nazi, wali unapikwa kwa watu wasiojulikana idadi, na jamaa walioolewa au kuajiriwa mjini wanarudi kwao. Ukiihamisha siku hii iende wikiendi inayomfaa mwenye basi la watalii, vita vya magomba vitaonekana vilevile. Atakayekosekana ni yule jamaa, kwa kuwa yeye anakuja kwa ajili ya Mwaka wenyewe.

Maulidi ya Lamu yana ugumu wake. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh, huwapokea waumini kutoka pwani yote na nje ya Kenya. Maulidi ya Al-Habshi husomwa kwa matari, huku marashi yakinyunyizwa kwa mrashi na udi ukifuka kwenye chetezo. Kandokando yake yapo mashindano ya punda, kirumbizi (mchezo wa fimbo) na bao. Wapo Waislamu wanaoona matari ndani ya ibada ni bidaa, yaani uzushi katika dini, kama wapo wanaokiona kile kibanda cha Makunduchi ni mabaki ya uganga. Sikubaliani nao katika yote, ila hoja yao inastahili heshima: wanauliza ibada inafanywa kwa ajili ya nani. Siku Maulidi yatakaposogezwa kwa ajili ya ndege za watalii, swali lao litakuwa limepata jibu baya.

Na tarehe ya ofisini yenyewe haiukwepi mwezi. Mwaka 2028 Ramadhani inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari na kuchukua karibu Februari yote. Zanzibar ya Ramadhani, mchana migahawa mingi imefungwa na jioni watu wako kwenye futari ya muhogo wa nazi na mkate wa kumimina kisha tarawehe, si mahali pa jukwaa la muziki. Tamasha la Februari litalazimika kusogea.

Hapo ndipo ninapoikubali ile nusu ya kwanza. Tarehe za sherehe zetu hazina siri. Nairuzi inajulikana kwa hesabu hata miaka 50 mbele, na mwezi hukadiriwa ukakosewa kwa siku moja, pengine mbili. Kalenda ya miaka kumi inaweza kuchapishwa leo, ikiwa na Siku ya Mwaka, Maulidi, Idi, hata majira ya mchezo wa ng'ombe wa Pemba, pamoja na onyo kwamba mwandamo unaweza kusogeza siku moja. Mgeni anayepanga safari miezi sita kabla atakuwa na muda wa kutosha. Kazi hiyo haihitaji kumhamisha mtu yeyote.

Linalobaki ni gharama ya chungu. Nazi, mchele na samaki wa siku ile hutoka mfukoni mwa kaya, huku nauli na kiingilio cha ziara vikilipwa mjini. Ikiwa wenye mabasi wanataka Mwaka Kogwa uwe kwenye ratiba zao, sehemu ya malipo iende kwa shehia, yaani serikali ya mtaa, kabla ya siku yenyewe, wakati mchele haujanunuliwa.