Nyigu wa tini: tumlete Dar, au tupande mitini isiyomhitaji?

Waliopanda mitini Goba, Mbezi na Kigamboni wana lalamiko moja: mti umestawi, majani mapana, tini zinatoka kwa wingi, kisha zikifika ukubwa wa gololi zinanyauka na kupukutika. Mwenye mti anaongeza samadi, anaongeza maji. Wakati mwingine kweli ni ukame, au mti bado mchanga. Lakini kama mche wenyewe uliota kwa mbegu za tini kavu za Uturuki, zile zinazojaa madukani karibu na Ramadhani, samadi haina kosa.

Tini kavu za Uturuki, hasa za upande wa Aydın, kwa kawaida ni za kundi la Smirna, ambalo halizai mpaka lichavushwe. Mbegu zake huota vizuri, ila karibu nusu ya miche huwa mitini dume, ambayo matunda yake watu hawali, na mingi kati ya majike hurithi madai ya mama yao. Mchavushaji naye ni mmoja tu: nyigu mweusi wa milimita 2 hivi, Blastophaga psenes, ambaye asili yake ni Mediterania na Asia ya Magharibi, si pwani yetu.

Maua ya mtini yamefichwa ndani ya tini yenyewe. Nyigu jike huzaliwa ndani ya tini la mti dume, hutoka akiwa na chavua, na ana siku moja au mbili tu za kutafuta tini changa la kuingia. Kitundu ni kidogo mno hata mabawa humkatika akijipenyeza. Akiingia kwenye mti dume, anataga na uzao unaendelea. Akiingia kwenye mti jike, maua ni marefu kuliko uwezo wake wa kutaga. Anachavusha bure, anafia humo. (Wanaouliza kama mlaji anakula mdudu: kimeng'enya cha tini, fisini, humyeyusha karibu wote.)

Wanaotaka nyigu huyu aletwe wana hoja, na si ya kubezwa. California walipanda vipando vya Smirna miaka ya 1880, mitini ikakua, matunda yakadondoka mwaka baada ya mwaka. Wapo waliodhani Waturuki wamewauzia vipando vibovu. Nyigu alipofanikiwa kukaa huko Fresno mwaka 1899, mashamba yakaanza kulipa. Na Afrika hatujawa wageni wa kuleta nyigu: kuanzia 1981 nyigu mwingine kutoka Paraguay aliachiwa Nigeria, kisha nchi nyingi, kuwala vidung'ata wa mihogo, na mihogo ikaokoka. Juu ya hayo, tini lililochavushwa lina mbegu zilizojaa, ladha ya kokwa, na hukaushwa likawa zuri zaidi.

Hapo kwenye kukausha ndipo hoja inapoanza kuchechemea kwa mtu wa Dar. Hewa yetu ina unyevu, masika ndiyo usiseme. Tini lililoiva likinyeshewa hupasuka na kuchachuka likiwa bado mtini. Ubora mkuu wa Smirna ungetafutwa Dodoma kabla ya Bunju. Halafu kuna nafasi. Kwa kuwa nyigu mzima haishi hata wiki, lazima pawe na mitini dume yenye tini changa kwa zamu, mwaka mzima, la sivyo kizazi kinakatika. Nani, kwenye kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, atatunza miti kadhaa asiyokula matunda yake? California kwenyewe madume hupandwa mbali, tini zake huchumwa na kutundikwa shambani ndani ya mifuko, kwa kuwa nyigu wakizidi tini hupasuka, na miilini mwao hubeba ukungu unaoozesha tunda kwa ndani.

Hatari nyingine huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Tini lililochavushwa huwa na mbegu zenye uhai, na hizo hubebwa na ndege. Huko California mtini umevamia kingo za mito. Kuingiza mdudu hai kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini, na mimi nafurahi kwamba hakipatikani kwa kufungua begi uwanja wa ndege.

Wengine husema: si tuna mikuyu, nayo ina nyigu wake? Inao, lakini ni wa jamii nyingine, na kwa kawaida kila jamii ya nyigu hawa ina mti wake. Mkuyu una funzo tofauti. Mti huu wa Afrika ulipelekwa Misri zamani za kale, nyigu wake akabaki nyuma. Wamisri hawakumfuata. Waliupanda kwa vipando na kulichanja kila tini kwa kisu ili liive, na wakala kuyu zisizo na mbegu kwa maelfu ya miaka.

Kwa hiyo mimi niko upande wa wasiomhitaji nyigu. Aina kama Brown Turkey, Kadota na Mission huzaa bila kuchavushwa, na kwa tini mbichi la kula siku hiyohiyo sioni mla tini wa Kinondoni atakayelia. Anayeng'ang'ania Smirna anaweza kupuliza chavua kwa bomba la sindano kupitia kile kitundu. Inafanya kazi, ni mchezo wa mti mmoja au miwili. Lawama yangu naipeleka kwa wauza miche wa barabarani wanaoandika "mtini" bila jina la aina. Mnunuzi adai kipando kilichokatwa kwenye mti uliokwisha kuzaa hapahapa mjini, si mche wa mbegu.

Aliyekwisha kupanda wa mbegu asubiri mti ukomae kwanza, kwani michache huzaa yenyewe. Ukiendelea kupukutisha, asiung'oe. Mizizi ni mizima. Akate matawi na kubebesha kikonyo cha Brown Turkey. Avae glovu tu, maana utomvu wa mtini ukipigwa jua ngozini unababua.