Injini Kongwe Zisafishwe, Zisikatwe

Huku Kusini mwa Tanzania tuliwahi kuwa na reli. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ikatoka Mtwara hadi Nachingwea, na tawi likaenda Masasi. Mradi ulivunjwa 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Leo mzazi wa Mtwara akitaka kumwonyesha mwanawe injini ya mvuke, itabidi afunge safari ndefu, pengine hadi makumbusho ya reli ya Nairobi. Ndiyo maana roho huniuma kila nikisikia injini kongwe mahali fulani inauzwa kama chuma chakavu kwa sababu "ina sumu".

Sumu ipo kweli. Boila la injini ya mvuke lilivikwa asbesto, madini yenye nyuzinyuzi, ili joto lisipotee. Mabehewa mengi yaliwekewa asbesto kuzuia moto, na rangi za zamani zina madini ya risasi. Nyuzi za asbesto hazionekani kwa macho. Ukizivuta hukaa mapafuni, na saratani huweza kujitokeza miaka 20 hata 40 baadaye.

Sasa huyo anayekata kwa gesi na nyundo, bila kinga yoyote, anaiondoa wapi hiyo sumu? Anaipeperusha. Vumbi linamfuata nyumbani kwenye nguo, na anayezifua naye analivuta. Kitambaa cha kufunika pua hakimsaidii kitu.

Kazi hii ina wataalamu wake. Huizungushia injini nailoni nzito, hewa ikavutwa nje kupitia vichujio maalumu. Asbesto hulowanishwa kwanza isitimke, ikabanduliwa taratibu, ikafungwa kwenye mifuko miwili na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Hewa hupimwa kabla mtu mwingine hajaingia. Ni gharama, sibishi.

Wengine husema injini ikivuliwa asbesto si ile tena. Siafiki hata kidogo. Asbesto ilikaa chini ya bati, abiria hakuiona. Weka pamba ya nyuzi za kioo, rudisha bati lake, umbo ni lilelile.

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inazungumzwa kwa miaka. Siku ikijengwa, naomba bajeti yake itenge fungu la kuleta injini moja kongwe, iliyosafishwa na kupimwa, isimame stesheni ya Mtwara watoto waipande.