Mawese ya Mama Ndani ya Tarumbeta

Nilipofika miaka 14 sauti ikaanza kukwaruza, tena katikati ya wimbo. Mwalimu wa kwaya yetu pale Tukuyu, mji wa baridi mkoani Mbeya, akanivumilia Jumapili mbili, kisha akanyoosha kidole kwenye kabati la matarumbeta. "Nenda huko. Ukikwaruza watadhani ni chombo."

Tarumbeta lina pistoni tatu za kubonyeza. Ya kwanza inashusha sauti toni nzima, ya pili nusu toni, ya tatu toni na nusu. Do hubonyezi kitu. Re ni ya kwanza na ya tatu. Mi ya kwanza na ya pili. Fa ya kwanza peke yake. So unaachia zote. La vidole vilevile vya mi, unakaza midomo tu. Ti ya pili. Shika hapo, ndipo nilipoumbukia.

Pistoni hutaka mafuta mepesi. Sisi tulitumia ya taa, matone matatu kila moja. Mkesha wa Pasaka chupa ikawa tupu, na alfajiri tulitakiwa makaburini, desturi ya kanisa letu la Moravian tangu Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Mafuta ya taa yaliyobaki nyumbani yalikuwa ya koroboi. Lakini mama alikuwa na mawese ya Kyela.

Nikakaa kando ya moto, nikachomoa pistoni moja moja. Zina namba, ukizichanganya, hewa haipiti kabisa. Hapo nilikuwa makini sana, kama daktari. Nikazipaka, nikarudisha. Zikateleza kama kambale. Nikajiona fundi.

Sasa, mawese huyeyuka vizuri kwenye nyuzi 35 hivi. Kando ya moto, sawa. Tukuyu saa 11 alfajiri mwezi wa nne, mvua imetoka kukatika, ni habari nyingine.

Wimbo wa kwanza, ubeti wa kwanza, nikafika fa. Nikabonyeza pistoni ya kwanza. Ikazama. Haikurudi. Springi ilikuwa inasukuma uji mzito.

Uzuri wake, re, mi, fa na la zote zinahitaji pistoni hiyo, kwa hiyo zilitoka safi kabisa. So ikatoka fa. Ti ikatoka la. Na do, ambayo ndiyo humaliza kila ubeti, ikatoka ta, yaani ti iliyoshushwa nusu toni. Beti nne, ta nne, makaburini, gizani. Kwa kuwa nusu ya noti zangu zilikuwa sahihi, mwalimu hakunishuku. Alimkazia macho mzee wa tromboni, naye mzee, maskini, akaanza kuvuta na kusukuma bomba lake akitafuta kosa lisilo lake. Ubeti wa nne alikuwa ameshanifuata kwenye ta.

Wakati wa mahubiri nikalificha tarumbeta ndani ya koti, kwapani. Mchungaji alihubiri kirefu, Mungu ambariki. Katikati ya sala, kimya kimetanda, pistoni ikaruka juu: tak! Wimbo wa mwisho nikaupiga bila kosa.

Ila kofia ya chini ya kila pistoni ina kitundu. Kufika nyumbani, shati jeupe lilikuwa na madoa ya rangi ya machungwa kutoka kifuani hadi kiunoni. Mama akalisogelea, akagusa doa, akanusa kidole.

"Na mimi jana nimemgombeza mdogo wako kwamba kalamba mawese yangu."