Si Kila Msichana Anayetapika Ana Mimba

Jumapili iliyopita, katika kikao cha chama chetu hapa Nakuru, mama mmoja alilalamika kwamba bintiye wa kidato cha tatu huamka usiku, humaliza chapati zilizowekewa kiamsha kinywa, kisha hujifungia chooni na kutapika huku mfereji ukiachwa wazi ili asisikike. Kabla hajamaliza kusimulia, hukumu zilikuwa tayari: mmoja alisema ni mimba, mwingine akasema ni vidonda vya tumbo, na wa tatu, mwenye hekima tele kama kawaida yake, akaagiza msichana afunge siku tatu kwa maombi. Nilipotaja bulimia, yaani ugonjwa wa kula kwa pupa kisha kujitapisha kwa hofu ya kunenepa, nilijibiwa kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu waliokonda, ilhali huyu ana mwili wake mzuri.

Nakubali, shingo upande, kwamba si vibaya kupima mimba na kuchunguza tumbo. Hata hivyo, huo mwili mzuri hauthibitishi lolote. Tangu daktari Gerald Russell alipoueleza ugonjwa huu mjini London mwaka 1979, inajulikana kwamba wengi wanaougua wana uzito wa kawaida, na ndiyo sababu hawashukiwi. Afadhali kuangalia sugu kwenye vifundo vya vidole vinavyotumbukizwa kooni, uvimbe wa mashavu chini ya masikio na meno yaliyolika kwa asidi. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu mwilini, nayo ikishuka mno, moyo unaweza kupiga ovyo hata ukasimama. Kuhusu chai za kupunguza tumbo, zile za kuharisha, nitasema tu kwamba zinatoa maji, si mafuta.

Linalonikera hasa ni hilo agizo la kufunga, kwa sababu njaa ndiyo inayouchochea ugonjwa wenyewe. Msichana hujinyima mchana kutwa kwa hofu ya kunenepa, usiku njaa ikamshinda, akala kwa pupa asiweze kujizuia, aibu ikampeleka chooni, na kesho yake akajinyima zaidi ili kufidia. Nasi tunataka kumwongezea siku tatu! Tiba ya kisaikolojia iliyoasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili Christopher Fairburn huko Oxford huanza kinyume kabisa: mgonjwa hula milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa saa zinazojulikana, awe na njaa asiwe nayo, huku akiandika alichokula na alivyojisikia. Dawa ya fluoksetini huwasaidia baadhi, kwa maagizo ya daktari. Kwa vijana, wazazi huhusishwa pia, wakae naye mezani na baada ya chakula, bila matusi na bila kumgeuza kichekesho cha chama.

Na shangazi ambaye hajui salamu nyingine isipokuwa "Umenona!" mbele ya wageni, tafadhali, aulize habari za masomo.