Kanzu ya Ijumaa na Boneti Iliyokwajuka

Jamani, gari ikipauka yenyewe haisemi, wenye kusema ni walimwengu. Leo Ijumaa, mtu mzima na heshima zake, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, anatoka kusali, na Mwanakwerekwe nzima, hapa Unguja, haoni pa kuegemea ila boneti yangu. Corolla nyekundu ile. Nyekundu ya kwenye kadi ya gari, maana kwa macho sasa ni ubuyu ulokwisha kunyonywa. Anainuka, kanzu nyuma waridi tupu, pale pale anapokalia. Ananigeukia: "Hii nani anafua?"

Mie mtu wa adabu. Nimemwomba radhi kiungwana, kisha nikamweleza kwamba kanzu yake imenifanyia kazi ya fundi. Kitambaa cheupe kikishika rangi ya gari, ujue rangi ile haina klia juu yake, ile vanishi angavu ya kuikinga. Jua limekula gundi inayoshika rangi, juu umebaki unga, na chini yake nyekundu nzima ingalipo. Hiyo inasuguliwa, inarudi. Kingetoka cheupe, na boneti ina mabaka yanayobanduka, hapo klia imekufa, usipoteze dawa: msasa, na rangi upya. Shukuru Mungu, Ami, kanzu imeshika.

Ami hakushukuru. Kamtuma mjukuu wake ndani, mtoto karudi na jiko zima: unga wa kusugulia masufuria, jiki, siki, stili waya, dawa ya meno. Baraza nayo imeshajaa, maana kwetu gari ya mtu ikifunguliwa boneti tu, mafundi wanaota kama uyoga. Yangu hata haikufunguliwa.

"Anza na hii," Ami kanyoosha stili waya.

"Ami, hiyo inachana. Na vipande vyake vinakatikia mle mle kwenye michirizi, vinashika kutu."

"Bafuni kwangu inatoa ukoga wote."

"Bafuni kwako ni vigae! Rangi hii pamoja na praima yake, ile rangi ya chini ya kushikiza, haizidi karatasi mbili za daftari."

"Daftari la kurasa ngapi?"

Nimemeza mate. Mwengine kashika jiki, ati inang'arisha. Inang'arisha shuka, bwana! Kwenye bati inaalika kutu. Muuza kahawa, birika mkononi, kapendekeza mafuta ya taa. Kweli yatang'aa, mpaka magharibi. Kesho vumbi lote la barabara limeganda pale, na mvua ikinyesha unaona ubuyu wako ule ule. Mafuta ya nazi vile vile. Unga wa masufuria sikuujibu, punje zake ni kama mchanga.

Mwenye akili pale alikuwa mtoto, kashika dawa ya meno. Basi nikawaonesha, kwa hasira lakini kwa utaratibu. Kwanza kivulini, bati iwe baridi. Juani dawa inakauka kabla mkono haujafika. Kijiko cha sabuni ya vyombo kwenye ndoo ya lita 10, osha, suuza mpaka mchanga wote utoke, la sivyo unasugua kwa mchanga. Madoa meupe ya maji ya kisima, siki na maji nusu kwa nusu, dakika moja, kisha maji mengi. Kingo za boneti zibandike tepu ya karatasi, rangi pale ni nyembamba kuliko kwengine, ukizembea unakutana na praima. Halafu dawa ya meno, iwe nyeupe ya krimu, si ile ya jeli, kiasi cha nusu kidole, juu ya fulana kuukuu ya pamba iliyoloweshwa ikakamuliwa. Sentimita 40 kwa 40, si boneti nzima kwa pamoja. Mistari ya kwenda na kurudi, mkono mwepesi, isikauke. Fulana ikijaa wekundu igeuze, ule unga uliokufa nao unakwaruza. Futa.

Nyekundu ikatoka. Nyekundu hasa! Baraza kimya. Nikasubiri japo "mashaallah" moja.

"Sasa si umeifanya gari kiraka?" Ami huyo.

Kiraka! Mtu unafufua rangi kwa dawa ya meno anakwambia kiraka! Haya, na hiyo dawa ni ya kijaribio tu, kwa gari nzima utamaliza tyubu za mtaa na mkono ushakufa ganzi. Tafuta kompaundi laini, ile dawa ya kusugulia ya mafundi rangi. Na ukimaliza, nta siku hiyo hiyo, nyembamba, iache ikauke iwe kama ukungu, futa. Bila nta jua linaanza upya. Wenyewe wanasingizia chumvi ya bahari. Chumvi yake ni kutu, kukwajuka ni jua, ndio maana milango bado nyekundu na paa limekwisha. Taa za mbele zilizopata umanjano nazo hukubali dawa ya meno, ila umanjano unarudi, maana unakwangua na kinga yake.

Ningeegesha chini ya mwembe, mnasema. Utomvu je? Na kunguru? Hawa walioletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 kusafisha taka za mji, taka ziko pale pale, wao wako juu ya paa langu. Kinyesi chao kikipigwa na jua kinakula rangi mchana mmoja. Usikikwangue kikavu, kiloweshe kwanza kwa kitambaa cha maji dakika kumi. Samaki wanachukua, mayai ya kuku wanachukua, na sasa hivi tunabishana kuhusu kiraka, kunguru kashuka kachukua kipande cha sabuni ya kufulia kutoka kwenye ndoo, ile niliyoitoa ndani nimfulie Ami kanzu yake. Sabuni, jamani! Anakula nini kwenye sabuni?